Metroni na Nywele Zetu

Siku yangu ya kwanza kazini Metroni hakunisalimia mimi. Alizisalimia nywele zangu. Alisimama mbele yangu mlangoni pa wodi ya akina mama, akaangalia juu kidogo ya uso wangu, pale ilipokaa afro fupi niliyoichana na kuipaka mafuta alfajiri, akaiuliza, "Na nyinyi mmetoka wapi?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimetoka Bungoma, Metroni," nikasema.

"Sijakuuliza wewe. Wewe nakujua, tulionana siku ya intavyuu, ukiwa umefunga kitambaa. Hizi ndizo sijui. Ludi nyumbani, zitengeneze, kesho uje nikuone."

Alisema "ludi". Alikuwa mtu wa Malakisi, na akikasirika r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake. Mimi pia ni wa upande huo. Nikasimama pale nimeshtuka mara mbili: kwanza kwa kurudishwa nyumbani kabla sijashika hata kipimajoto, na pili kwa kurudishwa kwa lafudhi ya mama yangu.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, pembeni mwa mji wa Kitale, upande wa kwenda Endebess. Mwenyewe tulimwita Daktari tu, na mkuu wa wauguzi tulimwita Metroni. Hata sokoni akina mama wa sukumawiki walimwita hivyo. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mchana ule nilienda saluni mjini. Dada wa saluni akanipaka dawa ya kulainisha, na ilipoanza kuniwasha akaniambia nivumilie, ati ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Nilivumilia. Kesho yake nilifika nywele zimelala kichwani kama nyasi zilizonyeshewa. Metroni akanizunguka, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Sasa wewe ni sista," akasema.

Kabla ya saa ya chakula kitu cha majimaji kilikuwa kinanitiririka nyuma ya sikio. Nilikuwa nikikifuta kwa siri na pamba. Metroni aliniona, akanishika mkono, akaniingiza chumba cha kufungia vidonda na kufunga mlango. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akatenganisha nywele taratibu, akanisafisha kwa maji ya chumvi na kunipaka mafuta ya vidonda. Mikono yake ilikuwa myepesi mno, hata sikuisikia.

"Ulijikuna kabla ya kupakwa?"

"Ndiyo."

"Kichwa hakikunwi kabla ya dawa, mwanangu. Kwani hakuna mtu alikufundisha?"

Kisha akapuliza kile kidonda polepole, vile mtu anampuliza mtoto aliyeanguka. Aliyenituma nikaungue ndiye huyu aliyekuwa akinipuliza.

Ndivyo alivyokuwa, na sikumzoea hata siku moja. Alifika kabla ya jua, wakati baridi ya Kitale inakufanya uongee moshi, amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee juu ya sare nyeupe. Kabla ya kupokeana zamu tulijipanga, naye akapita akipitisha kiganja juu ya vichwa vyetu bila kugusa, kama fundi anayeangalia kama ukuta umenyooka. Kiganja kikikwama kwa mtu, huyo anatoka kwenye mstari. Matuta madogo ya kusukwa nyuma aliyakubali. Wigi aliikubali, mradi isiwe na rangi. Nywele zilizotiwa dawa na kufungwa kisogoni ndizo alizozipenda, na zake zilikuwa hivyo, nyeusi, zimebanwa hadi macho yake yalionekana kuvutwa kidogo. Nywele zilizosimama hazikupita.

"Mgonjwa akikuangalia aone sista," alikuwa akisema. "Asione kichaka."

Sala yake ya asubuhi ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Bwana, tusiue mtu leo. Amina." Baada ya hapo kila mtu alikwenda mbio. Chakula cha mchana alikula amesimama dirishani, ugali na mboga ya mrenda, akiangalia nani anaingia getini na anatembeaje. Alikuwa akimwona mtu anashuka kwenye pikipiki na kusema, "Huyo apendiksi, andaeni kitanda," na mara nyingi hakukosea. Hakuogopa damu, wala walevi, wala waume waliokuja kupiga kelele kwa kuwa mke amejifungua msichana. Kitu alichokiogopa ni mvua. Manyunyu yakianza, Metroni hangevuka uwanja wa kwenda maabara hata aitwe na nani. Angetoa kofia ya nailoni mfukoni, akaivuta hadi kwenye nyusi, akasimama chini ya paa akisubiri. Wanjiru wa maabara, msichana wa Kachibora aliyekuwa na mdomo usio na breki, alikuwa akimwita kwa mbali, "Metroni, si ni maji tu!" Metroni akamjibu, "Maji yako, si yangu."

Wakati mmoja tulilaza nyanya mmoja aliyeletwa na nimonia. Alikuwa amelala nyumbani muda mrefu kabla ya kuletwa, na nywele zake nyeupe zilikuwa zimeshikana kichwani kama blanketi kuukuu. Binti zake walisema wembe upite, kazi iishe. Metroni akakataa. Alipomaliza zamu yake hakuondoka. Alivuta kiti karibu na kitanda, akaomba mafuta na kitana chenye meno mapana, akaanza kufungua fundo moja baada ya lingine kuanzia nchani, akishika mzizi kwa vidole ili nyanya asiumie. Nyanya alilala. Metroni aliendelea. Mwishowe akamsuka matuta manono ya kurudi nyuma, yaliyonyooka kama mistari ya mahindi.

Nilikuwa kitanda cha pili nikipima presha. Nikamsikia akiongea peke yake. "Nywele nzuri hizi," alisema. "Angalia vile zinashika. Zina nguvu kushinda yeye mwenyewe."

Karibu niangushe mashine. Huyu alikuwa ndiye mwanamke aliyenirudisha nyumbani kwa sababu ya nywele kama hizo hizo. Sikuweza kunyamaza.

"Metroni, na zetu?"

Hakuinua macho. "Huyu ni mgonjwa," akasema. "Nyinyi mko kazini."

Tukimwuliza sababu ya kanuni ile, jibu lilikuwa moja: "Daktari hataki." Sauti yake ilishuka akilisema jina hilo, na sisi tukashusha zetu. Daktari alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye upara, aliyepita wodini akisema "Habari zenu" huku akisoma chati za wagonjwa. Hakuwahi kutuambia lolote kuhusu nywele. Tulichukulia kwamba mtu mkubwa hasemi mambo madogo mwenyewe, ana watu wa kumsemea. Basi tuliungua. Wengine walikatika nywele za mbele hadi paji la uso likapanda juu. Msichana mmoja wa zamu ya mchana alianza kuvaa wigi kwa sababu chini yake hapakuwa na kitu tena. Tulilipa vichwa vyetu kwa Daktari, naye alitupita akisema "Habari zenu."

Kisha akaja Chebet.

Chebet alitoka Endebess, na alikuwa na dredi nyembamba zilizofika katikati ya mgongo. Alizikunja vizuri ndani ya kofia ya kitambaa cheupe aliyojishonea mwenyewe, hivi kwamba wiki ya kwanza kiganja cha Metroni kilipita juu yake bila kukwama. Alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, lakini akina mama waliojifungua walikuwa wakimwulizia kwa jina. Watoto waliogopa sindano za kila mtu isipokuwa zake. Metroni mwenyewe alimsifu mbele yetu, na Metroni hakuwa mtu wa kusifu. "Huyu ana mikono," alisema.

Siku kofia ilipoteleza, Chebet alikuwa ameinama akimwinua mgonjwa. Dredi zikamwagika mabegani. Mgonjwa mwenyewe alitabasamu na kuzishika moja kama mtoto. Metroni alikuwa mlangoni.

Alimpa hadi Jumatatu. Jumatatu Chebet akaja na kofia kubwa zaidi, na dredi zikiwa bado ndani yake. Tulikuwa tumejipanga. Metroni alisimama mbele yake muda mrefu.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nizikate, Metroni. Nimefikiria. Nitazifunika kila siku, hutaziona tena. Lakini kukata siwezi. Nilizianza mama yangu akiwa hai. Yeye ndiye alizianzisha kwa mkono wake."

Nilidhani angemwacha. Naapa nilidhani hivyo.

"Daktari amesema," akajibu. "Zitoke hizo dredi, ama utoke wewe."

Chebet alitungoja kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aseme kitu. Kisha akafungua pini ya jina kifuani, akaiweka mezani taratibu isipige kelele, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akivuka uwanja. Hapo nje ndipo alipoivua ile kofia.

Metroni aliingia stoo ya mashuka akajifungia. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na siku nzima alitugombeza kwa vitu visivyokuwepo. Ati vitanda vimepinda. Ati madirisha yanatuangalia vibaya. Mimi sikuelewa. Kama alikuwa anaumia hivyo, kwa nini hakupanda ngazi akamwambia Daktari kwamba msichana huyu ni mzuri? Ofisi ya Daktari ilikuwa juu yetu tu.

Jibu nililipata siku Metroni alipostaafu.

Tulimfanyia sherehe ukumbini. Kulikuwa na keki, soda na pilau, na Daktari akamzawadia mtamba wa ng'ombe wa Frizia ambaye alikuwa amefungwa nje kwenye ua, akila maua ya hospitali. Daktari alizungumza vizuri. Alisema hajawahi kuona wauguzi nadhifu kama wa Metroni. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Wanjiru wa maabara akasimama, soda mkononi, na mdomo wake ule.

"Daktari, sisi tunauliza tu. Sasa Metroni akienda, ile kanuni yako ya nywele itaendelea ama tutapumua?"

Watu wakacheka. Daktari pia akacheka, lakini ni kicheko cha mtu ambaye hajaelewa.

"Kanuni gani?"

"Si ile yako! Ati nywele zilale. Ati afro hapana, dredi hapana."

"Yangu?" Daktari akajishika upara. "Mimi niwawekee kanuni ya nywele, na mimi mwenyewe sina? Sijawahi kusema kitu kama hicho. Mimi nilidhani ndivyo mnavyopenda."

Kicheko kilianza tena, kikafa katikati. Kila mtu alianza kuelewa kwa wakati wake. Niliona mkono wa msichana wa wigi ukipanda polepole hadi kichwani kwake, ukabaki pale. Wanjiru aliiweka soda yake mezani. Sote tuligeuka kumwangalia Metroni. Alikuwa akiiangalia sahani yake. Daktari, ambaye bado hakuwa ameelewa, alituomba tumpigie makofi mama yetu. Tulipiga, kwa sababu mikono hufanya inachoambiwa. Nje, yule mtamba alilia.

Metroni aliondoka jioni ile bila kumuaga mtu, na mimi sikumfuata.

Miaka ilipita. Nilipata kazi katika hospitali nyingine, Bungoma mjini, ambako hakuna mtu aliyewahi kutazama kichwa changu. Nikaacha dawa, nywele zikarudi zilivyotaka. Siku moja jirani mmoja wa Metroni aliyeleta mtoto kliniki akaniambia Metroni yuko kwake Malakisi, na kwamba anaulizia watu wa Kitale. Nilikaa na habari hiyo kwa muda. Nilikuwa na hasira bado, lakini zaidi ya hasira nilikuwa na swali. Jumamosi moja nikaenda.

Nilimkuta barazani akichambua karanga, leso imefungwa kichwani, amekonda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la zamani la kukaushia tumbaku, na sasa lilikuwa zizi la yule mtamba, ambaye alikuwa ng'ombe mzima mwenye ndama. Metroni aliponiona aliangalia juu ya uso wangu kama zamani. Nilisubiri.

"Zimekua," akasema. "Karibu, mwanangu. Keti."

Aliamuru kuku achinjwe, nikakataa, akasisitiza, nikakubali. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za ng'ombe na za waliokufa. Mwishowe nikaliweka swali mezani vile lilivyokuwa.

"Metroni, kwa nini ulitudanganya?"

Hakujifanya hajui ninachosema. Alijipangusa mikono, akafungua leso yake, akaivua.

Mimi ni muuguzi na nimeona mengi, lakini nilifumba macho. Katikati ya kichwa chake palikuwa na ngozi tupu inayong'aa, yenye makovu kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji moto. Pembeni zilibaki nywele nyeupe chache, laini kama za mtoto mchanga. Zile nyeusi zilizobanwa kisogoni, tulizokuwa tukiambiwa tuige, hazikuwa zake kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kudhani.

"Nilipoanza kazi," akasema, "nilikuwa kliniki moja huko huko Kitale. Nilikuwa na nywele kama hizo zako. Siku moja akaja mke wa tajiri mmoja wa mashamba, mweusi kama mimi na wewe. Nikaenda kumpima. Akavuta mkono wake. Akamwambia mkubwa wangu, mimi nikiwa nimesimama pale, ati amekuja kutibiwa, hakuja kushikwa na mtu ambaye hajachana nywele. Na mimi nilikuwa nimechana. Asubuhi hiyo nilichana mpaka mkono ukauma. Mkubwa hakunitetea. Alinitoa wodini akanipeleka kwa dobi. Nilifua mashuka yenye damu msimu mzima, na cheti changu cha uuguzi kiko kwenye sanduku. Aliyechukua nafasi yangu tulisoma darasa moja. Alikuwa ametia dawa. Basi nikatia. Wakanirudisha wodini, na hakuna mtu alisema pole. Nikaapa hakuna msichana wangu atapelekwa kufua."

"Lakini kwa nini jina la Daktari?"

"Ningesema ni mimi, mngeniuliza kwa nini. Na mimi hiyo sikutaka kuulizwa. Daktari hamngemuuliza."

Nilitaka kumwonea huruma, na nilimwonea. Lakini maneno yalinitoka kabla sijayachuja.

"Hakuna aliyepelekwa kufua, Metroni. Chebet ulimpeleka nyumbani."

Kuku walikuwa wakigombania maganda ya karanga miguuni petu. Baadaye akauliza, "Una namba yake?"

Nilikuwa nayo. Chebet alikuwa akifanya kazi katika zahanati huko kwao, na mara moja moja tulijuliana hali. Nikapiga, nikaweka spika, nikampa Metroni simu. Yeye, mtu wa zamani, akaiweka sikioni hivyo hivyo.

"Chebet? Ni mimi. Metroni."

"Shikamoo, Metroni." Sauti ilikuwa ya adabu, na ya mbali.

"Marahaba. Mwanangu, nataka kukwambia kitu. Ile kanuni haikuwa ya Daktari. Daktari hakujua. Ilikuwa yangu. Ni mimi nilikutoa."

"Nilisikia. Wanjiru aliniambia, baada ya sherehe."

"Mbona hukunipigia unitusi?"

"Ningekuambia nini?" Tulisikia mlango ukifungwa upande wa pili, kama mtu aliyetafuta mahali pa kuwa peke yake. "Metroni, wewe unajua nilizikata?"

Metroni alinitazama. Nikatingisha kichwa. Mimi pia sikujua.

"Wiki hiyo hiyo," Chebet akasema. "Nilihitaji kazi. Nilienda kwa kinyozi hapo Kitale akanyoa zote, nikazifunga kwenye leso ya mama. Halafu nikaja hospitali nikuonyeshe. Nikakukuta kwenye korido. Nilisimama mbele yako kabisa. Ukaniangalia, ukaniuliza, 'Mama, umekuja kliniki?'"

Metroni alishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja.

"Nikasema ndiyo. Ukanionyesha benchi. Nilikaa hapo na wagonjwa mpaka ukapita tena, na hukunijua. Ndipo nikaenda nyumbani."

Nilikuwa kazini wiki ile. Huenda mimi pia nilipita kwenye benchi hilo.

"Zimerudi?" Metroni akauliza.

"Zimefika mabegani."

"Usizikate tena." Alisema kwa sauti ile ile ya kupokeana zamu, kisha akaongeza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Tafadhali."

Nilisubiri Chebet aseme amesamehe, au aseme hatasamehe kamwe. "Kuna mama hapa anasukuma mtoto," akasema. "Wacha niende."

Simu ikanyamaza.

"Amekata, Metroni," nikamwambia.

"Najua," akajibu, lakini hakuiondoa sikioni.